Hesabu Mpaka Kumi

Kambini, nyuma ya Kinango
Jumatano, 15 Januari 2025

Kwa mke wangu Subira,

Salamu zikufikie hapo Msambweni, wewe na mama na yule mwenye nyumba mdogo. Mimi mzima, sina neno ila vumbi. Vumbi la huku, Subira, ukisonga ugali wa mahindi saa sita, saa sita na robo umeshakuwa wa mtama.

Kwanza ujue kwamba mumeo ametukuka. Tuko watu thelathini na wanane hapa tunachimba kisima (wao wanachimba, mimi napika) na hakuna hata mmoja anayelala bila kunitaja. Mhandisi mwenyewe, Muasya, mtu wa digrii mbili, jana alilamba vidole akaniuliza, "Matano, ulisomea wapi upishi?" Nikamwambia, "Bosi, nilisomea Diani, miaka kumi na moja, hoteli nne, walimu wangu Wajerumani na Waitaliano." Kwamba darasa la saba nililikimbia kabla ya mtihani sikumwambia. Aliyeshiba haulizi cheti.

Mtandao huku hakuna. Kuna kilima nyuma ya kambi, ukikipanda mpaka kileleni ukasimama kwa mguu mmoja kama korongo unapata vijiti viwili. Kwa hiyo barua zitakwenda na jirani yetu Kenga. Kila Alhamisi anashuka na lori kununua vyakula, analala kwake, Jumamosi anarudi. Na wewe ndiye uliyesema unapenda barua, ati kwenye simu nakumalizia maneno. Haya basi, andika nikuone.

Sasa neno langu. Binti yetu ana miezi kumi na tisa. Je, amesema "baba"? Nakuuliza kwa upole, lakini ndani yangu hakuna upole. Mimi, shahidi ni mama, nilikuwa na miezi tisa nikiwaita kuku kwa majina. Kufika mwaka natukana. Damu ni ile ile, vipi huyu awe kimya kama chumvi? Mwekee zile katuni za simu asubuhi na jioni. Za Kiingereza. Kama za Kiitaliano zipo, bora zaidi, baba yake atamsaidia matamshi.

Mama mpe shikamoo yangu.

Mumeo, sultani wa sufuria,
Matano


Msambweni
Ijumaa, 17 Januari 2025

Baba Mwanaima,

Asalaam aleikum. Barua imefika pamoja na alama ya mchuzi. Nimefurahi kwamba unakula.

Katuni nilishamwekea siku nne, kabla hata hujaandika. Alikaa kama aliyepigwa sindano, mate yakimtoka. Simu inasema, inasema, haimsubiri hata mara moja. Nikamkumbuka mtu. Nimeizima.

Nikueleze lililotokea. Yule mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba na begi la buluu, Nthambi, wa kule skimu ya makazi, alikuja akakaa mkekani. Alimpigia mtoto makofi kwa nyuma, akatikisa funguo pembeni, kisha akatutuma hospitali masikio yakapimwa. Mazima, alhamdulillahi. Aliporudi hakumfundisha neno lolote. Alilala kifudifudi mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akanyamaza. Mwanaima akafanya "mmh." Naye akafanya "mmh." Mwanaima akapiga mkeka. Naye akapiga mkeka. Walikwenda hivyo, zamu kwa zamu, mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akanigeukia:

"Sasa mama, wewe ukimuuliza 'unataka maji?' unamjibia mwenyewe, 'ndiyo, anataka maji.' Yeye aseme saa ngapi? Uliza, halafu hesabu mpaka kumi. Kimoyomoyo. Umwangalie."

Nikahesabu. Kwenye sita midomo ilikuwa inaniwasha. Kwenye tisa, Mwanaima akanyoosha mkono akagonga kifuniko cha jagi. Nthambi akasema, "Huyo! Ameongea. Sasa ndio umpe neno lake: maji, unataka maji."

Tangu siku hiyo, nyuma ya daftari langu la vipimo vya nguo naandika anayoyasema bila kusema. Akisikia adhana anaweka viganja masikioni kama muadhini. Chakula kikiisha, au jambo limemchosha, anafungua mikono miwili mitupu akakuonyesha: basi. Akitaka kutoka, anaenda mlangoni, anachukua ndara za mama yako moja moja, anaziweka mbele ya miguu yake. Jana ameziweka mara tano. Mama alikuwa ameketi anachambua mchicha, anaziona, anaendelea kuchambua.

Hapo ndipo nina shida, Baba Mwanaima. Mama anasema ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ati kimerefuka kikaziba njia ya maneno. Anataka tumpeleke Majoreni kwa mzee akikate. Nakuomba kitu kimoja tu katika barua hii yote: mwandikie mama umkataze. Neno lako atalisikia. Langu analisikia kama mvua ya kijiji kingine.

Mkeo,
Subira


Kambini
Jumatano, 22 Januari 2025

Subira,

Kabla ya salamu: umeniaibisha. Hapana, si wewe. Sijui ni nani. Lakini aibu ipo na mimi ndiye niliyeivaa.

Jumapili niliwapandisha watu tisa kilimani. Nilikuwa nimewaambia kambi nzima kwamba binti yangu akisikia sauti yangu ataita "baba" mpaka jiwe liamke. Muange, yule kijana wa mitambo, akasema, "Mzee Matano, asipoita?" Nikamwambia asipoita naosha sufuria zote za kambi wiki nzima, mimi mpishi mkuu. Akiita, anaosha yeye. Nikaweka simu kwa sauti kubwa. Ulikuwepo, ulisikia. Nikamwita kwa Kiswahili, nikamwita kwa Kidigo, nikampigia na ule mluzi wa Kijerumani. Kimya! Muange akaniambia, "Labda hana salio." Watu wakalala chini kwa kicheko, Subira, kwenye miiba.

Leo ni sufuria ya ishirini na saba.

Halafu wewe unaniletea habari za Nthambi. Mtu anakuja nyumbani kwangu, ananywa chai yangu, analala kifudifudi anafanya "mmh", na hiyo ndiyo dawa? Kama "mmh" ni lugha basi ng'ombe wote wa Kinango ni maprofesa. Nilimsomea Muange kipande hicho, naye ni Mkamba mwenzake, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. Alisema mama yake alimfanyia hivyo mdogo wao. Watu wa bara hawana mzaha.

Mimi nimezunguka dunia. Nimehudumia meza za nchi tisa na sijaona mtu anayeagiza chakula kwa kuleta viatu.

Ya mama niachie mimi. Nitamaliza mwenyewe. Usijisumbue.

Bado mumeo, mikono imechubuka kwa kusugua masizi,
Matano


(Kwa mkono wa Kenga, amsomee mama peke yake)
Jumatano, 22 Januari

Mama, shikamoo.

Nakujua hujakosea katika maisha yako. Lile jambo la Majoreni nakupa ruhusa. Mpeleke mjukuu wako, mzee akate, binti afunguke. Subira ana moyo mwepesi na amejazwa maneno na watu wa mabegi, basi usimwambie mpaka yaishe. Chagua siku ambayo hayupo. Nitakapokuja nataka nipokelewe kwa jina langu.

Mwanao wa miezi tisa na kuku,
Matano


Msambweni
Ijumaa, 24 Januari 2025

Baba Mwanaima,

Ahsante kwa kusema utalimaliza la mama. Tangu jana, alipokuja Kenga, amenyamaza kabisa, hataji tena Majoreni. Nimelala usingizi wa kwanza tangu mwezi uanze.

Sasa nikueleze ile Jumapili upande wa huku, maana kilimani hamkuona.

Uliposema "Mwanaima" alisimama. Akacheka kwa bega, unajua anavyocheka. Akaichukua simu kwa mikono miwili akaitazama nyuma kama umejificha huko. Alikuwa na biskuti, ameilowesha nusu. Akaielekeza biskuti kwenye simu, pale sauti inapotokea. Akangoja. Wewe ulikuwa kwenye Kidigo. Akaisogeza zaidi, akanitazama, akaitazama simu. "Mmh?" Wewe ulikuwa kwenye mluzi. Mara nne, Baba Mwanaima. Mara nne alikukaribisha chakula chake na mara nne ulimkatiza. Mara ya tano akafungua mikono mitupu: basi. Ndipo simu ikaangukia kwenye ndoo ya maji. Iko kwa fundi, usipige, haipatikani. Vile vicheko vya wenzako alivisikia. Alidhani ni wewe.

Sikuandikii haya nikuumize. Nataka ujue kwamba alikujibu.

Kuna lingine nilikuficha miaka yote tuliyooana. Nilikwambia mdogo wangu Swabir alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa. Alikuwa na miaka mitatu, anakohoa, hasemi vizuri, wakamkata kimio. Siku mbili damu ilitoka, kidogo kidogo, anaimeza. Mimi nilikuwa na miaka minane, kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Kila alipotaka kuniambia kitu alinishika hapa, kwenye kiwiko. Mpaka leo nikishonea mtu mkono wa gauni, nikifika kiwikoni nasimama kidogo. Wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini. Ulidhani ni sindano.

Ndiyo maana nilikuomba kitu kimoja.

Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe moja, naenda Ukunda kupeleka sare za shule nilizoshona. Nitatoka alfajiri, nirudi alasiri. Mtoto atabaki na mama. Sina wasiwasi sasa.

Mkeo,
Subira


Hospitalini, Kinango
Jumanne, 28 Januari 2025

Mama,

ACHA. Usimpeleke. Nimekosea, ruhusa nimeiondoa, imekufa. Huyu anayekuletea karatasi hii ni mnunuzi wa mbuzi, ameapa kwa watoto wake kwamba akitoka mnadani anashuka mpaka Msambweni. Mpe maji ya kunywa na umtii. Acha acha acha.

Matano


Hospitalini, Kinango
Alhamisi, 30 Januari 2025

Subira,

Sijui barua hii ataichukua nani. Naandika kwa sababu nikiacha nitawapigia kelele wagonjwa.

Barua yako niliisoma Jumamosi magharibi, nikiwa na mwiko mkononi. Nilipofika kwenye beseni niliuacha mwiko. Nilipofika kwenye "sina wasiwasi sasa" nilikimbia kilimani. Umeandika simu yako iko kwa fundi, nami nilikuwa nimesoma hivyo dakika hiyo hiyo, lakini mguu hausomi. Nilipanda, nikapiga, haipatikani, nikapiga, haipatikani, nikashuka mbio nimfuate Kenga, jiwe likanipokea. Mfupa wa kifundo umevunjika. Simu imevunjika pia, na namba za watu wote zilikuwa ndani yake. Kichwani ninayo moja tu, yako.

Muange alinibeba mgongoni mpaka kwenye lori. Yule yule wa salio.

Nimefungwa plasta mpaka gotini. Kenga alirudi kambini, na huko lori limekufa gia, linangoja kipuri. Kila anayeingia wodini naazima simu yake, nakupigia, yule mwanamke ananiambia hupatikani kwa lugha mbili. Nimemtuma mtu wa mbuzi. Sijui kama wa mbuzi wana haraka.

Sasa niseme lililonikaba. Nilimwandikia mama ampeleke. Nilimwambia achague siku ambayo hupo. Ile siku niliyokuambia nitalimaliza mwenyewe, ndivyo nilivyolimaliza. Kwa sababu ya sufuria! Kwa sababu wanaume tisa walinicheka kilimani.

Keshokutwa ni Jumamosi.


Jumamosi, tarehe moja, saa mbili asubuhi

Utakuwa umefika Ukunda na sare zako. Nimejaribu kuteremka kitandani, muuguzi ameficha magongo.

Saa tano. Mtu wa kitanda cha pili ananiambia, "Mzee, ulisema umezunguka dunia, tusimulie basi." Nimegeukia ukutani.

Saa nane. Nahesabu mpaka kumi. Nikifika kumi naanza tena. Hakuna anayenijibu.


Msambweni
Jumapili, 2 Februari 2025

Matano,

Nakuanzia mwisho usije ukafa kabla ya kusoma: mtoto mzima. Hakukatwa.

Nilirudi saa kumi nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia, "Bibi kaenda Majoreni na mjukuu, tangu asubuhi." Nilikaa kwenye kizingiti. Sikulia. Nilijishika kiwiko. Walitokea kabla ya magharibi, mtoto amelala begani kwa mama, na mimi badala ya salamu nilimfungua mwanangu mdomo pale pale barabarani, akaamka akaniuma kidole. Ndipo nikalia.

Karatasi yako niliipata kwenye pindo la kanga ya mama. Nimeisoma. Ya mtu wa mbuzi imefika leo adhuhuri, pamoja na mtu wa mbuzi. Ameniambia habari za mguu wako, nimesikitika, na ameniambia kwamba alipitia harusi.

Simu imetoka kwa fundi lakini sikupigii. Nikikupigia utajitetea, na wewe ukijitetea ni mtamu, nitakusamehe kabla sijawa tayari. Barua hii anaichukua mtu wa mbuzi kesho. Usinijibu haraka. Ndani ya bahasha kuna maneno ya mama. Hakutaka niyaandike mimi. Alimtuma mtu akamwite Nthambi.

Subira


(Mwandiko mwingine)
Msambweni, Jumapili hiyo hiyo

Mwanangu Matano,

Mimi mama yako nasema, na Nthambi anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Tulifika Majoreni mapema. Kulikuwa na watoto watatu mbele yetu. Mwanaima alimtazama kila mmoja akiingia na akitoka. Zamu yetu ikafika. Yule mzee akachovya kisu kwenye kikombe, kile kisu chake cha ncha iliyopinda, akaniambia, "Mshike kichwa." Nikamshika. Mjukuu wako, aa, mjukuu wangu mimi, akakitazama kisu. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Haya somo yangu, dakika moja tu." Akafungua mikono miwili mitupu, akanionyesha. Nikafanya kama sijaona. Akanionyesha tena. Kisha akajichomoa mapajani mwangu, akatembea mpaka mlangoni walipovua watu viatu, na viatu vilikuwa vingi, Matano, vya watu kama kumi. Akachagua ndara zangu. Akaleta moja. Akarudi akaleta ya pili. Akaziweka mbele ya miguu yangu, zote zikitazama nje.

Mimi ni mtu mzima. Mtu akiniletea viatu najua ananiambia nini.

Yule mzee akaniuliza, "Bibi, vipi?" Nikamwambia, "Vipi nini? Hukusikia mtoto anasema twende?" Nikavaa.

Sasa kunywa maji, kwa kuwa kuna lingine. Wewe hukusema ukiwa na miezi tisa. Hukusema mwaka, hukusema miaka miwili wala mitatu. Kuku hukuwaita kwa majina, uliwakimbia. Nilikupeleka Majoreni ile ile, kwa baba yake yule mzee, ukakatwa, ukatoka damu mpaka nikakuandalia sanda. Ulipopona ukakaa mwaka mwingine mzima bila neno. Nyumba yetu ilikuwa na watu kumi na wanne na kila mmoja ana mdomo, na mimi kila mtu alipoanza kuuliza "huyu vipi?" nilikuwa nakujibia. Siku uliyosema tulikuwa wawili tu, wengine wako mazikoni, mimi naumwa jino siwezi kufungua kinywa. Ulingoja, ulingoja, ukasema, "Mama, wali unaungua." Na kweli ulikuwa unaungua.

Habari ya miezi tisa niliitunga mimi, watu waache kucheka. Nilijenga kibanda cha uongo, wewe umekifanya ghorofa.

Basi. Nthambi anasema mkono umechoka. Chai yako ameinywa.

Mama yako


Hospitalini, Kinango
Jumatatu, 10 Februari 2025

Subira,

Niliandika kurasa sita nikazichana.

Mlikuwa sawa, wewe na mama na Nthambi. Nilikosea, na ningeweza kumuua.

Gia ya lori imepona. Kenga atanichukua Alhamisi. Usimwambie mtoto kwamba nakuja, wala usimfundishe kusema lolote. Nitakaa kwenye kizingiti.

Matano


Msambweni
Jumamosi, 15 Februari 2025

Kwa Muange, na kambi nzima, msomeane wakati wa chai,

Nasikia aliyeshika mwiko wangu anawapikia maharage yanayogongana. Poleni, vumilieni, kipaji hakiazimwi.

Muange ndugu yangu, nataka kukupa ripoti, na kwa mara ya kwanza sitaongeza chumvi.

Nilifika Alhamisi alasiri. Kenga aliniteremsha nikaketi kizingitini, mguu wa plasta nimeunyoosha kama bomba lenu la kisima. Mke wangu alinitazama akaingia ndani. Mama alinitazama akanipa maji. Hakuna aliyenikaribisha kwa hotuba, na sikustahili hotuba. Mtoto alikuwa uani. Akatokea, akaniona, akasimama.

Muange, nilikuwa na maneno. Unanijua. Nilikuwa nayo ya lugha saba, yamejaa mdomoni kama watu mlangoni mwa sinema. Nikayafungia. Nikaanza kuhesabu. Kumi ikapita. Ishirini. Kwenye thelathini na kitu jasho linanitiririka, mama ameziba mdomo kwa kanga, akaja. Akaja mpaka kwenye plasta. Akaigonga kwa kidole: ko ko. Nikaigonga: ko ko. Akanitazama usoni, akagonga mara tatu. Nikagonga mara tatu. Akacheka kwa bega. Akaenda ndani akarudi na biskuti, imelowa nusu, akanielekezea mdomoni. Safari hii nilifungua mdomo kwa kazi yake halali. Niliimeza na machozi, na nimepika miaka kumi na moja sijala kitu kama hicho.

Hiyo ni Alhamisi. Jana tukacheza ko ko mpaka mke wangu akatoka ndani. Akaketi pembeni yangu na daftari lake la vipimo, akanionyesha kurasa za nyuma, zimejaa. Alipofungua nilimshika kiwiko, pale alipozoea kusimama akishona. Hakuuondoa mkono. Hajanisamehe kwa maneno, nami sijamuuliza. Ninahesabu.

Na leo asubuhi. Nimeketi nawaandikia ninyi barua hii, tayari nimeanza kujisifu ukurasa wa kwanza, nasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Mwanaima yuko mlangoni kwenye viatu. Viko vya mama, vya mke wangu, vyake, vyangu viwili. Akachukua ndara yangu ya kulia. Akaja akaiweka mbele ya mguu wangu mzima, inatazama nje. Nikangoja alete ya kushoto, maana kila siku huleta mbili. Hakwenda. Akautazama mguu wa plasta, akaugonga, ko ko, taratibu, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Akanishika kidole akavuta.

Moja tu, Muange. Alijua ninahitaji moja tu.

Waambie basi watu wa kilimani kwamba binti yangu ameongea. Wakiuliza amesema nini, waambie amesema "baba, twende," na hakuna hata sauti iliyotoka. Sufuria nilizoosha wiki nzima sizidai, ila nikirudi nitakutazama tu, nitanyamaza, nitahesabu mpaka kumi, na utajua mwenyewe la kufanya.

Kalamu naiweka hapa katikati ya

Amerudi. Ameniletea na magongo.

Matano